Urukususu wa Moynaq

Ndoo ya kumi na saba.
Biybisara anatia chumvi gramu kwa gramu,
kama mpishi anayewachukia wageni.
Pamba ilikufa Jumanne, ngano jana.
Daftari halijui tanzia: imenyauka, basi.

Urukususu pekee unakaidi.
Umeyakunja majani kama ngumi,
mzizi umeshuka kuiulizia bahari
iliyohama Biybisara hajazaliwa.

Nukus wanataka namba:
utamu kiasi gani, kwa mateso kiasi gani?
Anakata, anakausha, anapima.
Ulioteswa zaidi ndio mtamu zaidi.
Anaifuta sentensi hiyo, haipendi,
kisha anairudisha: mizani imesema.

Kipande kilichobaki hakiingii hesabuni.
Usiku anamchemshia mamake,
anayekohoa vumbi
la bahari ile ile.