Kitovu Hakina Risiti

Karatasi ilikuwa chini ya waipa, imekunjwa kwa adabu
kama kadi ya mchango wa harusi.
Nikavaa miwani nione ni harusi ya nani.
Kosa: kuegesha bila kulipia.
Saa mbili na dakika kumi asubuhi.
Mtaa wa Likoma, mbele ya nyumba namba kumi na tisa.

Kumi na tisa ni kwangu.
Saa mbili na dakika kumi nilikuwa uani nakanda unga,
bado na kanga ya kulalia,
na gari limelala pale pale linapolala
tangu mtaa huu una vumbi na hauna mistari.

Mistari ilikuja Jumapili usiku.
Niliwasikia: ndoo, brashi, redio inatangaza mpira.
Hawakubisha hodi nilisogeze.
Walipaka, wakaizunguka Korola yangu
kama mtu anayefagia akimkwepa mgonjwa mkekani.
Tairi la nyuma hadi leo lina kovu jeupe.

Ofisini, dirisha la tatu likanipeleka la sita.
La sita lilikuwa limekwenda kunywa chai.
Bwana Lukindo, kijana mpole, tai imemkaba,
akanisikiliza huku anapanga mihuri.
"Mama, thibitisha kwamba unaishi pale."
Nikatoa ankara ya maji. Ina jina la baba.
"Yuko wapi huyu?"
"Kisutu."
"Ana kesi?"
"Ana kaburi, mwanangu."

Umeme je? Umeme ni wa luku,
tarakimu ishirini kwenye simu, nikishaingiza nafuta.
Nikabaki na ushahidi mmoja.
"Kitovu changu kimezikwa pale,
hatua tatu kutoka tairi la mbele.
Mama alinionyesha, kabla hawajamwaga lami."
Akaanza kuandika. Akasita.
Akauliza bila dhihaka, na hilo ndilo lililoniuma:
"Kitovu kina risiti?"

Barua ya serikali ya mtaa, picha mbili za paspoti,
nakala, bajaji ya kwenda, bajaji ya kurudi;
gharama zilishaipita faini, zimeiacha nyuma inahema.
Shamsa akapiga simu toka Morogoro:
"Mama, si ulipe tu yaishe?"
Yaishe.
Neno hilo limeuza viwanja vingi mjini hapa.

Na Fausta, binti mwenye kizibao cha njano,
yeye aliyeiandika ile karatasi,
anapumzika barazani kwangu, anakunywa maji ya mtungi wangu.
"Sikukulenga wewe, mama," aliniambia, macho kwenye kikombe.
"Nina idadi ya kufikisha kabla ya saa nne."
Nikamwongezea maji. Ningefanya nini?

Siku ya nne nikaliendesha gari lenyewe likatoe ushahidi.
Bwana Lukindo akatoka nje, akachuchumaa na tai yake,
akakwaruza tairi kwa ukucha.
Chembe nyeupe zikamwangukia kwenye kiatu.
"Walikupaka," akasema.
"Walinipaka."
Akacheka, kisha akaona haya ya kucheka,
akagonga muhuri: IMEFUTWA.

Nimeshinda! Nikashuka ngazi kama mwali.
Getini nikadaiwa maegesho ya ofisini, saa mbili na nusu nzima.
Nikalipa. Nikapewa risiti,
nikaiweka pochini na ile ya ushindi,
zikakaa pamoja kama mke na mwenzie.

Likoma, saa nane, jua la kuchoma mayai.
Mbele ya kumi na tisa kuna Noa ya mtu,
imejaa mabalo ya vitenge hadi kwenye kioo.
Imekaa ndani ya mistari, sawasawa.
Imelipiwa.

Nikawasha indiketa. Ikawa inahesabu: tik, tik, tik.
Fausta akainuka barazani kwangu,
akaja na kitabu chake, jua machoni, hajanitambua.
"Unaegesha, mama, au unapita tu?"

Honi zikaanza nyuma.
Mlango wangu ulikuwa wazi.
Ndani, chapati za asubuhi nilizifunika na sahani.