Karakana Ndani ya Dirisha

Mchana nafunga breki za mabehewa
kwenye karakana ya reli, hapa Daugavpils.
Mafuta yameganda chini ya kucha, sabuni imesalimu amri.
Usiku, Dzidra akishalala,
nafungua kivinjari polepole, kama mwizi na kabati,
na humo ndani najenga karakana nyingine
isiyo na nyundo, isiyo na harufu,
isiyo na msimamizi wa kunifukuza
wala mhasibu wa kunilipa.

Ilianza kwa mpwa wangu Raivo.
Shule ilimpa kompyuta iliyofungwa kila tundu:
usipakue, usisakinishe, usiguse.
Mtoto ana programu kichwani, hana pa kuiandikia.
Nikamwambia, kwa ulimi wa mtu aliyeshiba,
"Nipe wiki mbili."
Theluji imeyeyuka mara mbili tangu siku hiyo.

Nani alijua?
Ukurasa mtupu, kishale kinachopepesa:
nilidhani vipo tu, kama hewa ilivyopo.
Kumbe kila pepeso kuna mtu aliiandika,
akakosea, akaiandika tena.
Ukibofya katikati ya neno, ni wapi hasa?
Ukinakili mistari mitatu na nusu, ile nusu ni ya nani?
Na kutendua, jamani, kutendua!
Nilibonyeza mara moja, kosa likafutika.
Nikabonyeza tena, likarudi
likiwa na mwenzake nisiyewahi kumwona.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame.
Mimi nimeinama chini ya behewa miaka kumi na tisa,
mgongo wangu unaijua methali hiyo kuliko mdomo.
Lakini uvungu huu hauna chini.

Februari, mto umelala chini ya barafu,
Raivo akapiga simu.
Alikuwa ameandika mstari wake wa kwanza,
nao ulikuwa jina lake: Raivo Kļaviņš.
"Mjomba," akasema, "jina langu linavunjika."
Nikaenda kuona. Kweli.
Kishale kilikuwa kimesimama
kati ya n na kimkia chake cha chini,
kimeingia mwilini mwa herufi
kama kisu kisichojua kiungo kilipo.
Ukifuta, mkia unaanguka, n inabaki kiwete.

Mitaani watu wanaulizana bei ya kuni.
Mimi nilikuwa nauliza: herufi moja ni kitu gani?
Jicho linaona kimoja. Mashine inahesabu viwili.
Siku ishirini na moja nilizihesabu upya herufi zote
kwa hesabu ya jicho,
hata kazini, nikiwa chali chini ya behewa la makaa,
naandika kwa chaki juu ya chuma.
Msimamizi akadhani ni vipimo. Akatia sahihi.

Juni, Raivo akanunuliwa kompyuta mpya,
iliyo wazi, inayopokea kila kitu.
Akaniambia kwa upole, kama daktari.
Sikusema neno. Nilikwenda dukani kununua betri
nikarudi na misumari.

"Basi sasa utapumzika," Dzidra alisema.
Nikasema ndiyo.
Usiku huo nikarekebisha namna mistari mirefu inavyokunjwa.

Jana asubuhi nilisahau kufunga dirisha.
Nikakuta ameandika humo, kwa haraka yake ya kila siku:
maziwa
mkate mweusi
betri (usilete misumari)
Na karakana yangu, kwa uaminifu wote niliouotea ndoto,
imechora mstari mwekundu chini ya maziwa:
*neno hili halijulikani.*

Nimecheka peke yangu jikoni, buti mguu mmoja.
Kisha nimehifadhi faili,
nimelipa jina lake,
na leo, akishalala,
nitaifundisha maziwa.