Kiti cha Dorsila

Hatukuwa na reli. Reli ya kamera, nasema,
ile ya vyuma viwili inayotandazwa sakafuni
ili picha iteleze kama siagi kwenye kikaango cha moto.
Tulikuwa na kiti cha magurudumu cha Mama Dorsila,
tulichokiazima Nyalenda kwa mkate mmoja na sukari robo,
sukari ambayo daktari alishamkataza,
naye hakutuambia.

Obura akaketi, kamera mapajani,
viwiko kavibana mbavuni, pumzi kaifunga.
Mimi msukumaji.
Sheria za msukumaji ni chache:
magoti yalainike, kisigino kitangulie,
usianze kwa kishindo, usikome kwa kishindo,
mwendo uzaliwe polepole na ufe polepole.
Tairi tulizitoa upepo kidogo zisiruke kwenye kokoto.
Gurudumu la kushoto likalia; tukalipaka mafuta ya kupikia,
na kila tulipopita Kibuye
watu waligeuka kutafuta mandazi.

Nerima, mwenye hadithi, alisimama kando na daftari.
"Mtu akiondoka, usimfuate papo hapo.
Mwache aende hatua tatu. Uone pengo.
Ukishaliona pengo, sukuma."
Kuvuta kwa lenzi alikuchukia:
"Huko ni kurefusha shingo ukiwa umekaa kwako.
Kusogea ni kuinuka, ukaenda, ukabisha hodi."
Kuigeuza kamera kulia na kushoto aliruhusu,
mradi mwisho wa kugeuka kuwe na kitu.
"Shingo haigeuki bure," alisema, "hata ya kuku."

Mara saba tulirudia.
Ya kwanza, mbuzi.
Ya pili, mtoto aliyetupungia mkono mpaka mwisho wa soko.
Ya tano, Otiato akasahau kwamba anaondoka na huzuni,
akaitikia salamu za shemeji yake wa viatu vya mitumba.
Ya saba ikaenda. Sina neno jingine. Ikaenda.

Jioni tukaitazama kwenye kompyuta ya Obura,
na mlikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelipanga.
Kwa kimo kile, kimo cha mtu aliyeketi,
Kibuye haikuwa na nyuso.
Ilikuwa na mifuko, vifungo vya makoti, funguo zinazoning'inia,
mikono ikihesabu noti na kuzificha,
vikapu, makalio, ncha ya mwavuli
ikipita karibu na jicho bila kuomba radhi.
Umati ulifunguka, ukajifunga, ukafunguka,
na hakuna hata mmoja aliyetazama chini.
Nerima akalifunga daftari.
Obura akasema mwanga ulikuwa mzuri.

Tulikirudisha kiti saa moja usiku, stima zimepotea.
Mama Dorsila alikuwa kitandani, leso juu ya mguu uliobaki,
akisikiliza redio ya jirani kupitia ukuta.
Akakishika kiti, akanusa.
"Mbona kinanuka jikoni?"
Akakisukuma kidogo, akakivuta. Hakikulia.
Akauliza ni nani aliyekuwa anasukuma.
Nikasema ni mimi.
"Wajukuu wangu hunisukuma kama mkokoteni wa maji.
Kesho njoo, jua halijakaza.
Unisukume vile ulivyoisukuma kamera."

Nikaja. Tairi nikazitoa upepo.
Magoti laini, kisigino mbele,
tukampita kinyozi akitundika taulo lake,
tukaipita karai ya omena ikianza kuchemka.
Penye njia panda ya changarawe akasema, "Hapo,"
nikasimama kama nilivyofundishwa.
Akaigeuza shingo kutoka kulia, bila haraka:
lango la kanisa lenye rangi ya samawati,
kamba ya nguo, ukuta,
hadi mwisho wa kugeuka,
na mwishoni kulikuwa na kitu,
maana alitulia hapo akikitazama.

Mimi, kwa kimo changu, sikukiona.
Nikachuchumaa.