Akiba Haiozi

Virve kaniletea kompyuta
ameifunga shali kama mgonjwa,
theluji ya Tartu ikiyeyuka kifunikoni.
"Niongezee kumbukumbu," kasema, "na diski mpya, ya kasi.
Ila kiendeshi cha sidii usikitoe."

Trei nimeikuta imekwama.
Nikanyoosha kibanio cha karatasi,
nikakichomeka kwenye kitundu chini ya kitufe;
ikatoka kidogo kidogo,
ulimi wa mtoto mbele ya daktari.

Juu yake sidii, mwandiko wa kalamu nene:
NAKALA. MIZINGA YOTE, 1984–2004.

Nikaiinua kwenye taa.
Ukingoni rangi imebanduka,
mwanga unapenya kama kwenye chujio.
Akiba haiozi, husemwa.
Hii imeoza.

Mashine iliizungusha usiku kucha, ikikohoa.
Kati ya mafaili mia tatu
yamepona arobaini na moja,
mengi ya bei za sukari.

Nilimwambia bila kupamba.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shali.
"Mengine nitayaandika upya.
Malkia wangu nawajua mmoja mmoja.
Umekirudisha mahali pake?"

Pale nilitaka kuweka feni.
Nikakirudisha.
Skrubu ya nne sijaiona mpaka leo.