Swali la Tusekile

Mvua imekaa juu ya bati la ukumbi wa ushirika
tangu asubuhi, kama mgeni asiyeaga.
Nusu ya Tukuyu imo humu, inanuka makoti yaliyolowa.
Mwalimu Gwamaka kavaa suti ya harusi yake,
mezani kengele mbili za ng'ombe:
moja yetu, wakulima wa viazi,
moja ya watu wa kiwanda cha chai.
Zawadi ni sufuria saba, zimemezana.

"Jina moja," anasema, "linajibu maswali yote.
Kombe la vijana, mwezi wa saba, bingwa hupewa ndama?"
Chai wanagonga. "Kombe la Tusekile."
"Mbio za kupanda, sokoni hadi ukingo wa msitu,
mshindi wa mwaka juzi alikimbia na malapa?"
"Mbio za Tusekile." Naye Asajile, kule nyuma,
anainua lapa moja juu. Makofi.
"Uwanja ulioinama,
timu ya juu hufunga, ya chini huokota?"
Tusekile.
"Ghala la pareto lililogeuka ukumbi wa ndondi?"
Tusekile.
"Baa ya drafti ambako kete ni vifuniko vya soda?
Zahanati..."
"Zahanati si michezo!"
"Na waliovunjika miguu hupelekwa wapi?"
Tusekile, Tusekile.

Jibu likishajulikana, kinachobaki ni mkono,
na wangu umezoea jembe, haukufunzwa pupa.
Wametuacha alama ishirini.

"La mwisho. Alama thelathini.
Tusekile mwenyewe ni nini?"

Chai wanatazamana.
"Chifu," ananong'ona mmoja.
"Mmisionari."
"Si ni Kinyakyusa? Tumefurahi.
Basi ni ushindi fulani, wa zamani."

Nagonga mpaka kengele inaanguka.

Alikuwa na matuta manne ya maharage
chini ya uwanja usio na jina.
Uwanja umeinama, na mpira haujui mipaka:
wa majani ya migomba, wa nailoni na kamba,
hata ule wa ngozi walioletewa na padri,
yote iliteremka kwake, ikalala kwenye maharage.
Aliificha chini ya uvungu.
Kuukomboa mmoja: ndoo mbili za maji kutoka bondeni.
Ukivunja miche: nne.
Walimtuma mdogo kuliko wote, anatetemeka.
"Mpira uko wapi?" Kwa Tusekile.
"Mnachezea wapi?" Kwa Tusekile.
Hakikuitishwa kikao, hakikuandikwa kibao.

Mechi hakutazama hata moja.
Jina lake lilicheka, yeye hapana,
ila siku ile aliyoamua kuurudisha kwa teke:
mpira ukabaki palepale kwenye tope,
buti lake likaruka, likapita juu ya ua,
likamgonga kipa begani, likaingia golini.
Akacheka hadi akakaa chini, mguu mmoja peku.
Wazee wa sasa, waliokuwa uwanjani siku hiyo,
bado wanabishana kama lile lilikuwa bao.

"Ni bibi yangu," nasema. "Mzaa mama.
Alilima maharage."

Mwalimu anageuza karatasi,
anaisogeza kwenye taa, anaisogeza tena.
"Pole, Anyitike. Hapa imeandikwa: mto."

Mto! Huku kwetu tunaijua mito kwa majina yake,
na huo haumo.
Lakini karatasi ni karatasi.
Sufuria zikaondoka na chai, zikigongana njia nzima.

Jioni nimekaa jikoni, namenya viazi,
sufuria yangu ya zamani inavuja kidogo upande.
Hodi. Mtoto wa miaka sita hivi,
tope mpaka kwenye kope.
"Shikamoo. Nimetumwa kwa Tusekile.
Mpira wetu umeingia."

Nafuta mikono kwenye kanga.
Nataka kumwambia mambo mengi.
"Marahaba," namjibu. "Ndoo mbili."