Theluji kwa Fremu Nane

Kitabuni kuna mkono uliochorwa, na mshale.
Jagna, miaka sita, aliuiga hata mshale:
akanyoosha kidole sakafuni
kana kwamba theluji ni kitu kilichotuanguka
na sasa sote tukitafute.

Ndiyo maana niko hapa saa nne za usiku,
shule ya viziwi, Białystok, bomba la joto likikohoa,
naomba mashine izipe mwendo picha nane.
Nane tu. Si filamu.
Vidole vyangu kumi vikishuka vikitetema, basi.

Programu ya kwanza ni ya bure.
Ilifanya kazi, ikamaliza, ikapiga muhuri wake
juu ya dole gumba langu la kushoto.
Gumba! Nusu ya neno!
Haya, cha bure kina mwenyewe.

Ya pili inataka kadi ya benki kabla ya salamu.
Bwana Zdzisław wa uhasibu alikwisha nieleza bajeti yetu
kwa ishara pekee aliyojifunza bila mwalimu:
kidole na gumba vimekutana, sifuri.

Ya tatu ina vitufe vya kurushia ndege.
Nilitafuta pa kuweka picha, nikafungua jedwali la vivuli,
nikalifunga, likafunguka jingine.
Nimekuja kuvunja karanga, nimepewa tingatinga.

Ya nne nikaipenda. Nyepesi, rangi ya maziwa,
unatupia picha zako, zinakwenda.
Ila mwendo wake ni mmoja, haubembelezeki,
na mikono yangu ikashuka mbio, mbio, mbio,
hata nikajiona nasema nisichokusudia:
mvua.
Mikononi mwetu mvua na theluji ni ndugu wa tumbo moja,
kinachowatenga ni mwendo tu.

Saa sita. Ya tano ni ndogo, sura mbaya,
kaitunga mtu mmoja ambaye pengine keshaisahau;
maelezo yake yamejaa makosa ya tahajia.
Lakini chini ya kila fremu kuna kisanduku,
na ndani ya kisanduku namba naiandika mimi.
Robo sekunde. Hapana.
Theluthi.
Ya mwisho, vidole vinapotua, nikaipa sekunde nzima,
maana theluji ikishafika haina la kuongeza.

Ikaniuliza: irudie mara ngapi?
Andika sifuri, ikasema, kama hutaki kikomo.
Nikaandika sifuri,
nikamcheka Bwana Zdzisław peke yangu gizani.

Asubuhi Jagna alitazama mara kumi na nne, nilihesabu.
Akainua mikono, akaishusha polepole,
mwishoni akaiacha itulie. Sekunde nzima.
Kisha akageukia dirisha.
Nje usiku ulikuwa umepata joto, matone yanapiga kingo.
Akashusha vidole tena, haraka haraka,
huku akinikazia macho
kama mwalimu aliyeona kosa daftarini mwangu.