Saa Tisa Usiku

Szeged, chumba cha chini, pampu imewashwa magharibi.
Etelka kakaza nati nne za kifuniko cha chuma.
Ndani yake utando: mweupe, wa mraba, mwembamba kuliko ukucha,
una matundu ambayo hakuna jicho lililoyaona,
yanajulikana tu kwa kile kinachoshindwa kupita.

Chumvi ya meza hupita.
Sukari hukwama mlangoni, mabega mapana.
Na doksi, dawa ya manjano,
ile ambayo wagonjwa wa ghorofa ya tatu huimeza asubuhi
na kabla ya usiku huikojoa karibu nusu, makali yake yaleyale,
ikashuka bombani kuutafuta mto Tisza,
doksi ndiyo inayoulizwa leo:
utapita, hutapita?

Saa ya kwanza. Tone kwenye kichupa, kichupa kwenye mashine.
Asilimia tisini na sita imezuiwa.
Saa ya pili, tisini na tano.
Bwana Vendel akavua miwani, akaifuta kwa tai,
akamimina pombe ya plamu kwenye vikombe vya kupimia.
"Zima," akasema. "Kesho tuandike. Manispaa wanasubiri."
Akaondoka na mwavuli wa mtu mwingine.

Etelka hakuzima.
Haikuwa elimu. Ilikuwa baba yake, Lőrinc,
aliyeng'atwa na kupe akiokota uyoga
na sasa anakula doksi hiyohiyo, wiki ya tatu;
ambaye mkewe alipoondoka
hakulia, hakulaani, hakulitaja jina miaka kumi na minane.
Majirani wakamwita ukuta.
Kisha Jumanne moja, akimenya viazi,
jina likamponyoka. Likatoka, likatoka,
hata viazi vikawa vyeusi kwenye beseni.

Kumeza si kukataa.

Saa ya tano: themanini na mbili.
Saa ya saba: sitini na nane.
Anapima tena, akidhani mkono umetetemeka.
Mkono haukutetemeka.
Saa ya tisa. Kwenye ukuta wao mshale uko kwenye tatu,
kwa hesabu yetu ni tisa, na pampu nayo ina tisa,
na namba ni hamsini na moja.

Basi haukuwa ukiizuia.
Ulikuwa ukiinywa.
Kila uzi wa plastiki ulijipaka manjano kimyakimya,
ukanywa, ukanywa, ukashiba,
na mlinzi aliyeshiba husinzia mlango wazi.
Njia ya mwongo ni fupi;
ya huyu ilikuwa na urefu wa saa mbili.

Akachukua soda kali, akadondosha ndani ya tangi,
tone, akangoja, tone.
Maji yakaacha uchachu. Doksi ikavaa chaji hasi,
utando nao hasi tangu kiwandani:
wawili wenye kinyongo kimoja hawakai benchi moja.
Namba ikapanda. Sabini. Sabini na tisa.
Ikagoma hapo.
Akaiandika vilevile, sabini na tisa,
bila kuikunja iwe themanini.

Bwana Vendel alirudi na mwavuli, akasoma jedwali amesimama,
maji yakimdondoka puani.
"Tungalizima," akasema.
Hakusema zaidi. Akaosha vikombe vya jana
kwenye sinki ambalo bomba lake
sote tunajua linakoelekea.

Nati nne. Kifuniko.
Utando umekuwa na rangi ya jino la mvutaji.
Etelka akautia mfukoni mwa nailoni, akaandika tarehe,
akapiga simu nyumbani.
"Umemaliza vidonge?"
"Vimebaki viwili. Najisikia mzima, navitupa chooni."
"Usivitupe, baba. Vimeze."
"Nikivimeza," akasema yule mzee, "si vitafika hukohuko?"

Akakaa na simu sikioni.
Nyuma yake pampu, aliyosahau kuizima,
ilikuwa bado inasukuma maji matupu.